Serikali ni ya Nani? Somo la Miaka 60 ya Uhuru kwa Watoto Wetu wa Dubai

Mwaka 2021 familia zetu hapa Dubai zilikuwa na sherehe mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 2 Desemba wenyeji wetu walitimiza miaka 50 ya Umoja wa Falme za Kiarabu, nasi tuliwavisha watoto rangi za bendera yao na kushangilia pamoja nao. Tarehe 9 Desemba ilikuwa zamu yetu: Tanzania Bara ilitimiza miaka 60 ya Uhuru. Watoto wanauliza, na wana haki ya kuuliza, sherehe hii ya pili ni ya nini hasa. Tukiwajibu kwamba tulijitawala kutoka kwa Waingereza, jibu ni sahihi, lakini ni fupi mno. Swali linalofuata ndilo gumu: tulipojitawala, nani alianza kumtawala nani?

Watoto waliokulia hapa wanaijua serikali kwa sura moja. Ni barabara isiyo na mashimo, taa zinazowaka usiku kucha, na kitambulisho cha mkazi kinachohuishwa kwa programu ya simu kabla chai haijapoa. Tunaishukuru nchi hii kwa hayo yote. Lakini tuwaeleze ukweli wa hali yetu. Hapa sisi ni wageni kwa mkataba. Tunafanya kazi, tunalipa ada zetu na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyoanza Januari 2018, tunapata huduma, na mkataba ukiisha tunaaga. Wenyeji wana majlisi zao wanakopeleka haja zao kwa watawala. Sisi hatuulizwi reli ipite wapi, wala hatudai kuulizwa.

Mtoto aliyeiona sura hiyo tu ataamini kwamba serikali ni kama duka kubwa lenye huduma nzuri, na watu ni wateja. Nyumbani tulikotoka hali ni tofauti. Kule serikali ni mali ya watu, hata pale inaposahau, na watu wana deni la kuikumbusha. Miaka 60 hii ina mifano mingi ya serikali iliyouliza na kusikiliza, na mifano mingine ya serikali hiyo hiyo iliyoamrisha bila kuuliza. Sisi wauguzi, tuliosomea shahada zetu nje na kufundishwa kila siku kwamba mgonjwa haguswi kabla ya kuelezwa na kuridhia, tumeona tuisimulie historia hiyo kwa jicho la kazi yetu.

Serikali ya kudai

Tuanze na babu wa babu zetu. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, watu wengi wa bara waliijua serikali kwa mara ya kwanza kwa njia ya kodi. Mwaka 1897 ilitungwa kodi ya nyumba, na kiwango cha kawaida kijijini kilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa nguvu za mikono yake, akajenga barabara au kulima shamba la mzungu. Mkusanyaji alikuwa jumbe au akida, na nyuma yake alisimama askari. Hakuna aliyekuja kueleza kodi hiyo ingefanya nini kwa mlipaji.

Kuanzia mwaka 1902 ikaongezwa pamba. Vijiji vya kusini na mashariki vililazimishwa kulima shamba la pamoja la pamba kwa amri ya serikali, huku mashamba yao ya chakula yakisubiri. Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu imani ya maji, alinyongwa huko Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja watu 75,000; wanahistoria wa baadaye wanataja kati ya 250,000 na 300,000.

Tukiwasimulia watoto habari za Maji Maji, tusiishie kwenye ujasiri. Tuwaeleze pia kisa chake: watu walitozwa bila kuulizwa, wakalimishwa bila kuridhia, na hawakuwa na mlango wa kupeleka malalamiko.

Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza walibadilisha mtindo. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, walipitisha sheria ya mamlaka za wenyeji, wakawatawala watu kupitia machifu. Mtu akawa na mtu wa kabila lake wa kumlalamikia, lakini chifu huyo alijibu kwa Mkuu wa Wilaya, si kwa watu wake. Kodi iliendelea kupanda juu, na majibu hayakushuka chini.

Wameru waliojichanga

Kuna kisa kimoja ambacho watoto wetu hawakisikii sana, nacho kinastahili kusimuliwa katika kila familia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili ardhi yao iwe mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Wameru walikataa kuhama na wakakataa fidia. Novemba mwaka huo waliondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Hawakuchukua mikuki. Walichanga fedha. Watu wa kawaida, wakulima wa kahawa na ndizi, walitoa walichokuwa nacho ili mwenzao, Kirilo Japhet, asafiri hadi New York akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya umoja huo. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Hiyo ilikuwa karibu miaka mitatu kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kusimama mbele ya baraza hilo hilo, Machi 1955, kwa niaba ya TANU.

Kirilo hakurudi na ardhi. Lakini aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wa mikoa mingine wakaelewa kwamba serikali ina mkubwa wake, na kwamba mtu wa kijijini anaweza kuishitaki mbele ya dunia. TANU ilipozaliwa siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1954, ilikuta ardhi imeshalimwa. Na safari ya Mwalimu ya 1955 nayo ililipiwa kwa michango ya wananchi. Sisi tunaochangishana hapa Dubai kwa ajili ya msiba au mgonjwa, tujue kwamba mchango ni moja ya mizizi ya taifa letu.

Kura nayo haikuja mara moja. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, aliyetaka kupiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe na wadhifa uliotajwa na sheria. Tena alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 waliamua kushiriki, na uamuzi huo umebaki na jina la Uamuzi wa Busara. Agosti 1960 masharti yalipolegezwa, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa.

Kujenga kwa mikono miwili

Serikali mpya ilirithi nchi yenye mahitaji mengi na watumishi wachache. Mwalimu aliwahi kukumbusha kwamba Waingereza waliondoka wakiacha madaktari 12 na wahandisi wawili waliosomeshwa. Maadui walitajwa kwa majina matatu ambayo kila mtoto wa shule alikuja kuyakariri: ujinga, maradhi na umaskini. Kauli ya siku hizo ilikuwa Uhuru na Kazi, na watu waliielewa. Vijijini walichimba barabara na kujenga madarasa na zahanati kwa kujitolea, serikali ikileta bati, mwalimu au mganga.

Serikali hiyo changa ilifanya jambo jingine linalosahauliwa. Mwaka 1966 ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Chifu Erasto Mang'enya. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa umma, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Tume ilisafiri mikoani, ikakaa na watu, na asiyejua kuandika alieleza shida yake kwa mdomo. Ilikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa taarifa zake zilikwenda kwa Rais na yeye ndiye aliyeamua. Hata hivyo tofauti na enzi ya akida ilikuwa kubwa: mtu aliyeonewa na afisa alikuwa na mahali pa kugonga. Kazi hiyo leo ni ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyochukua nafasi yake mwaka 2001.

Mwaka mmoja, njia mbili

Mwaka 1973 ndio unaotufundisha zaidi, kwa sababu serikali moja, chini ya kiongozi mmoja, ilifanya mambo mawili makubwa kwa njia mbili tofauti.

La kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya. Wauguzi wa Tanzania wa rika letu tulizaliwa katika miaka ile au punde baadaye, na wengi tulikulia katika nyumba ambazo choo chake kilichimbwa wakati wa kampeni hiyo. Ilikuwa elimu ya afya kwa njia ya redio, kwa majuma 12. Watu walikusanyika katika vikundi, wakiwa na redio moja, kitabu chepesi na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Walisikiliza kipindi, wakasoma, kisha wakajadili: malaria inaletwa na nini kijijini kwetu, maji yetu yanachafukia wapi, kuhara kwa watoto kunatoka wapi. Kila kikundi kiliamua chenyewe la kufanya wiki hiyo. Viliundwa vikundi takriban 75,000, na walioshiriki walifika watu wapatao milioni mbili, katika nchi ambayo sensa ya 1967 iliikuta na watu milioni 12.

Watu walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka vichaka vilivyozunguka nyumba na kulinda visima. Serikali haikuwa na fedha za kumjengea kila mtu choo. Ilikuwa na maarifa, na iliyapeleka kwa watu ikiamini kwamba wanaweza kuyatumia. Sisi tunaofanya kazi katika hospitali zenye mitambo ya gharama kubwa bado tunaistaajabia kampeni ile.

La pili ni kuhamia vijijini. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji litakuwa jambo la lazima. Nia yake ilikuwa njema: familia zikikaa pamoja ni rahisi kuzifikishia shule, maji na zahanati. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limetaja ujamaa, na mwanzoni watu walihimizwa wahame kwa hiari. Katika Operesheni Vijiji hiari iliondoka. Mamilioni ya watu walihamishwa kwa muda mfupi, sehemu nyingine kwa malori na mgambo, na zipo sehemu ambako nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi. Wengine walishushwa mahali pasipo na maji, au mbali na mashamba yao. Wazee wetu walioyaona hayo bado wapo, na wengine husimulia kwa sauti ya chini.

Tuseme haki: vijiji hivyo vilileta shule na zahanati ambazo wengi wetu tulipita humo, tukasoma na kuchanjwa. Lakini familia iliyochomewa nyumba kwa faida yake yenyewe hufikiri mara mbili siku afisa anapokuja tena na jambo jema.

Lingewezekana vinginevyo? Ushahidi uko Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa karibu na Songea. Walilima pamoja na kugawana kwa makubaliano, wakajenga shule yao. Vijiji vingine vikajiunga, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichofikia zaidi ya vijiji 10, na kikawa na mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha mbao. Mwalimu mwenyewe aliwatembelea, na mfano wao ulimsaidia kuona kwamba ujamaa unaweza kuwa kitu halisi. Lakini walikuwa wanaamua mambo yao wenyewe, na viongozi wa mkoa hawakulipenda hilo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikifunga chama hicho. Miaka minne baadaye taifa zima likaamriwa kufanya jambo ambalo wale walikuwa wamelifanya kwa hiari yao.

Mwenendo wa kuamua kutoka juu ulienea. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa vimejengwa na wakulima wenyewe tangu enzi za ukoloni, vikafutwa mwaka 1976. Mkulima hakuwa tena na diwani wala chama chake cha kusemea. Halafu zikaja shida za mwisho wa miaka ya 1970, mafuta kupanda bei, vita vya Kagera, ukame, na foleni za unga, sabuni na sukari ambazo sisi tulizipanga tukiwa watoto.

Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa makubwa. Sheria ya 1982 ilishaanza kurudisha serikali za mitaa. Tunawaambia watoto wetu kwamba kukiri huku nako ni sehemu ya urithi. Kiongozi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa naye alikosea alipoacha kuwauliza watu, akaliona hilo, na akalisema.

Kusikiliza hata wachache

Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja kiendelee au vyama vingi virudi. Walitoa maoni zaidi ya watu 36,000. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja, na takriban asilimia 20 walitaka vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, na vikaruhusiwa kuanzia Julai 1992. Watoto wakubwa hushangaa: mbona waliokuwa wachache ndio waliosikilizwa? Hoja ilikuwa kwamba mmoja kati ya watano ni watu wengi mno kuwanyima nafasi, na kwamba hata miongoni mwa wale wengi walikuwamo waliodai mabadiliko makubwa. Kuuliza watu si kuhesabu vichwa tu.

Katika afya mabadiliko yalikuwa na ladha mbili. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza ada kwa utaratibu wa kuchangia gharama. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa kwa sheria, ingawa wengi wanajua namna msamaha wa karatasini ulivyokuwa mgumu dirishani. Halafu ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, na bima ya afya ya watumishi wa umma iliyoanza kazi 2001. Kodi ya maendeleo, mjukuu wa ile kodi ya kichwa ya kikoloni, iliyowafanya wanaume kijijini wakimbilie porini wakimwona mgambo, ikafutwa mwaka 2003.

Muhimu zaidi kwa mwananchi wa kawaida ni jambo dogo lililo katika sheria ya serikali za mitaa: mkutano wa kijiji. Kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Uongozi unatakiwa kuwasomea watu mapato na matumizi, na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo. Zahanati nazo zina kamati zenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Katiba ya 1977, ibara ya 8, inasema wazi kwamba mamlaka yote msingi wake ni wananchi, kwamba ustawi wao ndilo lengo kuu la serikali, na kwamba serikali inawajibika kwao. Pale ambapo watu wanahudhuria mkutano na kuuliza, ibara hiyo ina uhai. Pale wasipohudhuria, inabaki wino.

Gonjwa lililotupima

Hatuwezi kuandika habari za mwaka 2021 bila kutaja korona. Sisi wauguzi wa Dubai tuliipitia tukiwa zamu, tukiona idadi ya wagonjwa ikitangazwa kila siku. Nyumbani takwimu ziliacha kutangazwa tangu Mei 2020, na kwa zaidi ya mwaka simu zetu zilijaa maswali ya ndugu: hali ikoje, tuamini nini, tufanye nini? Tuliwajibu tulichoweza, lakini muuguzi aliye ng'ambo hawezi kuwa badala ya serikali. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera jijini Dar es Salaam na kuzindua chanjo, na takwimu zikaanza kutolewa tena.

Wengi walikuwa na wasiwasi na chanjo, na hatukuwacheka. Imani ya mgonjwa hujengwa kwa kumwambia ukweli siku zote, hata siku ambayo ukweli ni mchungu. Nchi iliyowahi kuwakusanya watu milioni mbili kuzunguka redio kuzungumzia vyoo na mbu ina uzoefu wa kutosha wa kuzungumza na watu wake. Tunaiomba iukumbuke.

Na sisi tulio huku

Kabla ya kumaliza, neno kwa ndugu zetu wa Visiwani, ambao katika jumuiya hii ni wengi. Tarehe 9 Desemba ni ya Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, yakafuata Mapinduzi ya 12 Januari 1964 na Muungano wa 26 Aprili 1964. Zipo familia hapa Dubai zilizofika kwa sababu ya matukio hayo, na zina machungu yao. Nao pia wana haki ya kusimulia, nasi tuna wajibu wa kuwasikiliza. Jumuiya isiyoweza kusikiliza wanachama wake haina uso wa kuidai serikali isikilize.

Sasa watoto. Kuzaliwa Dubai hakumpi mtoto uraia wa hapa. Mtoto wetu aliyezaliwa huku ni Mtanzania kwa kurithi, kutoka kwa baba au mama. Lakini Sheria ya Uraia ya 1995 inaweka mpaka: mwenye uraia wa kurithi, akija kuzaa naye nje ya nchi, mtoto wake hapati uraia kwa njia hiyo hiyo moja kwa moja. Wajukuu wetu wanaweza kujikuta bila nchi ya kuiita yao. Hili si la kusubiri. Wazazi, andikisheni vizazi vya watoto ubalozini au konseli, tunzeni vyeti, na kila mwenye shaka aulize mapema.

Tena sisi wenyewe hatupigi kura. Uchaguzi Mkuu wa nyumbani hauna kituo Dubai wala Abu Dhabi. Wenzetu wa Kenya waliandika katika katiba yao ya 2010 kwamba raia walio nje waandikishwe hatua kwa hatua, na mwaka 2013 Wakenya waliokuwa Tanzania walipiga kura yao wakiwa nchini mwetu. Tukitaka haki kama hiyo, njia tunaijua kutoka kwa Wameru: kukaa pamoja, kuchanga, kuandika, kumtuma mtu wa kutusemea, na kutokata tamaa akirudi mikono mitupu mara ya kwanza.

Tunapendekeza jumuiya yetu ianze na mambo matatu. Kwanza, siku moja kila baada ya miezi mitatu iwe ya watoto kukaa na wazee na kuwauliza: ulihamishwa kijiji? Ulikuwa kikundi cha Mtu ni Afya? Ulipanga foleni ya nini? Majibu yaandikwe. Pili, barua ya pamoja ipelekwe konseli kuhusu uraia wa wajukuu na kura ya walio nje. Tatu, mapato na matumizi ya jumuiya yabandikwe kila robo mwaka, kama sheria inavyoutaka uongozi wa kijiji kule nyumbani. Watoto wakituona tukidaiana hesabu kwa heshima, watajua mwananchi ni mtu wa namna gani kabla hawajafika umri wa kupiga kura.